Simama Naye Mpaka Haja Yake Iishe

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba palikuwa na mwanamke mjini Madina ambaye, kwa lafudhi ya hadithi yenyewe, akilini mwake mlikuwa na kitu. Mwanamke huyo alimwambia Mtume (S.A.W.) kuwa ana haja naye. Mtume akamjibu: "Ewe mama wa fulani, tazama njia yoyote uitakayo, ili nikutimizie haja yako." Akasimama naye katika mojawapo ya njia za mji mpaka yule mwanamke akamaliza alilokuwa nalo. Hadithi inaishia hapo. Hatuelezwi haja ilikuwa ipi, wala kama maneno yake yalipangika, wala kama kisimamo kile kilikuwa kirefu kiasi cha kuwachosha waliokuwa wakingoja.

Nimekaa na hadithi hii wiki nzima, na kila nikiirudia nakwama pale pale mwanzo, kwenye "mama wa fulani". Sisi watu wa Pemba hatuhitaji kufasiriwa uzito wa wito huo, maana kwetu mwanamke akishazaa jina lake la utotoni hupumzishwa, na mwenye kumwita kwa jina hilo mbele za watu huonekana hakufunzwa adabu. Mtume alimwita kwa utu uzima wake, si kwa kile kilichokuwa akilini mwake, kisha akamwachia yeye achague mahali. Wanazuoni wamebainisha kuwa ile ilikuwa njia inayopitwa na watu, si faragha. Mimi naona na jambo jingine ndani yake: kiongozi wa umma alionekana hadharani, amesimama, anamsikiliza mtu ambaye pengine wengine walikwishazoea kumpita.

Sitaki kumvika mwanamke yule jina la usonji, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu azungumze, ahusiane na watu na apokee sauti na mguso kwa namna yake. Hadithi haikusema alikuwa na nini, na si kazi yetu kuwapima watu waliotutangulia kwa karne kumi na nne. Lakini hadithi hii imenifanya niwafikirie watu tunaoishi nao, ambao wana usonji na ni watu wazima, na ambao hatuna habari nao.

Usonji si maradhi ya kuambukizwa wala si jambo linalompata mtu ukubwani. Mtu huzaliwa nao, na hukua nao. Daktari Leo Kanner alipouandikia maelezo yake nchini Marekani mwaka 1943, aliwaeleza watoto 11, na wa kwanza katika orodha yake alikuwa Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Mtoto huyo alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 89, baada ya kufanya kazi benki, kucheza gofu na kusafiri nchi nyingi. Naam, kwao walikuwa na uwezo, na uwezo unasaidia. Lakini watu wa mji wake nao walimzoea, wakamwacha awe alivyo. Naitaja habari yake kwa sababu moja tu, kwamba mtoto wa kwanza kuandikwa kuwa ana usonji alizeeka. Sisi kila ifikapo tarehe 2 Aprili, siku iliyotengwa na Umoja wa Mataifa kwa ajili ya usonji, picha zinazosambazwa kwenye simu zetu ni za watoto, na dua tunazoomba ni za watoto, kana kwamba mtoto huyo akifika miaka 18 huyeyuka kama chumvi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773. Ukigawa, inakuja karibu watu 15,000 katika visiwa vyetu. Na hata kama hesabu hii ya kugawa ni ya kukisia tu, haiwezekani wote hao wawe watoto. Wako wapi wakubwa? Wengine wamo majumbani, nyuma ya pazia la ukumbi, wanalindwa na mama zao. Wengine wamo miongoni mwetu kabisa, wanafanya kazi, wanaoa, na hawajui wenyewe kwa nini kelele za harusini huwaumiza kama kidonda, kwa sababu walipokuwa wadogo hapakuwa na mtu skuli wala hospitali aliyelitamka neno hilo mbele ya wazee wao.

Lugha yetu nayo ina mchango wake katika kuwaficha. Kiswahili kinamwita mtu aliyekua "mtu mzima", na kwa neno hilo hilo la "mzima" tunamaanisha aliye salama wa mwili na akili. Basi tukishasema kuwa fulani "si mzima", hatuna habari kwamba kwa pumzi moja tumemnyang'anya na utu uzima wake. Atakuwa na ndevu za mvi, na bado ataitwa "yule mtoto wa Bi fulani".

Mwenyezi Mungu anatukataza katika Suratul Hujurat watu wasiwadharau watu wengine, huenda hao wakawa bora kuliko wao. Na dharau yetu mara nyingi huanzia kwenye jambo tunaloliona jema, yaani adabu. Kwetu salamu ni mlolongo: hujambo, sijambo, habari za tokea asubuhi, na za nyumbani, na za watoto, na huku macho yanatazamana. Mwenye usonji aghlabu macho humlemea, na mlolongo ule humpotea katikati. Akiwa mwanamume tunasema hana adabu. Akiwa mwanamke tunasema ana kiburi. Au chukua ule ukaribisho wetu wa chakula. Mtu akipita tukiwa tunakula tunasema "karibu", na kila mmoja anajua kuwa jibu lake ni "ahsante, endeleeni". Namjua mmoja aliyekaa kitako, akanawa na akala mpaka akashiba, kwa sababu aliambiwa karibu. Watu walicheka kwa siku nyingi. Mimi siku hizi najiuliza ni nani pale aliyekuwa mkweli katika maneno yake.

Sitarefusha kuhusu wanaosema kuwa usonji ni mashetani au husuda. Kisomo ni dua, na dua haijakatazwa. Lakini kumzungusha mtu kwa waganga miaka ishirini, huku mama yake akiulizwa alifanya dhambi gani mimba ilipokuwa tumboni, hilo si dini. Na si sisi peke yetu tuliowadhulumu akina mama. Huko Marekani na Ulaya, katikati ya karne iliyopita, wapo wataalamu waliowaambia mama hao kwamba watoto wao wamekuwa hivyo kwa kukosa penzi lao, mpaka utafiti ukaja kuikanusha kauli hiyo.

Turudi Madina. Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.) alikuwa kipofu, na ndiye ambaye Sura ya Abasa iliteremshwa kwa sababu yake, Mtume alipomgeuzia uso. Wengi tunaishia hapo, kwenye lile karipio. Lakini ametaja Imamu Bukhari kwamba Bilali alikuwa akiadhini ingali usiku, na watu wakaamrishwa wale na wanywe mpaka waisikie adhana ya Ibn Ummi Maktum, ambaye alikuwa haadhini mpaka aambiwe: "Kumekucha, kumekucha." Itazameni kazi aliyopewa. Ni kazi ya kuitangaza alfajiri, ambayo hujulikana kwa macho, naye hana macho. Hakuambiwa apumzike nyumbani aombewe dua, wala hakuachwa ahangaike peke yake gizani. Watu walimpa kile alichokosa, maneno mawili tu, na yeye akawapa sauti yake, na mji mzima ukafunga saumu kwa adhana yake. Nikisikia watu wanauliza msaada kwa mtu mzima mwenye usonji maana yake nini, jibu ninalo hapo.

Sasa nitasema langu, na linaniaibisha. Msimu mmoja wa karafuu, kijijini kwetu karibu na Wete, tulikuwa na mzigo mkubwa uani na watu wa kuchambua walikuwa wachache. Alikuja mama mmoja jirani, pamoja na mwanawe wa kiume aliyekuwa na miaka 36, mwenye usonji, ambaye huzungumza kwa nadra. Alikaa pembeni mwa jamvi. Alishika shada moja moja, karafuu kulia, makonyo kushoto, na hakuinua kichwa mpaka fungu lake likaisha. Katika karafuu zake hamkuwa na jani wala konyo. Wanawake walikuwa wakizungumza na kucheka, na yeye alikuwa keshawaacha mbali. Tulipopima alikuwa na pishi saba. Niliwalipa wanawake wote kwa pishi zao. Yeye nikampa soda na pakiti ya biskuti.

Aliiweka ile pakiti juu ya jamvi, akabaki amekaa, anaitazama mikono ya waliokuwa wakihesabu fedha zao. Mama yake aliniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, umemsahau mtu mzima mmoja." Wallahi nilidhani anatania. Mimi ninayewasomea watu hadithi ya kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, sikuliona jasho lile, kwa sababu machoni mwangu pale palikuwa na mtoto.

Hapo ndipo ninaposema kwamba tumeivuta rukhsa mpaka ikawa dhuluma. Tunajua kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa kwa mtu asiye na akili mpaka apate akili. Lakini wenye usonji hawako namna moja: yupo ambaye hasemi kabisa na anahitaji kuvalishwa, na yupo aliyehifadhi juzuu nyingi na asiyeweza kuvuka barabara ya Chake Chake siku ya soko bila ya kuziba masikio. Sisi tumewainulia wote kalamu bila ya kuwauliza, na pamoja na kalamu tumeinua na haki zao. Msikitini tunawasukuma nyuma pamoja na watoto, na akijiziba masikio kwa sababu ya kipaza sauti yupo atakayemvuta mikono ashushe. Nami naona kwamba hakuna ibada inayomkaa mtu apendaye mpangilio kama sala: nyakati ni zile zile, maneno ni yale yale, safu imenyooka. Kinachomshinda ni sisi na spika zetu. Mwacheni asimame ukingoni karibu na mlango, mahali pamoja kila siku, na asichukuliwe mahali pake.

Na katika mirathi ndiko penye moto zaidi. Fungu lake Mwenyezi Mungu amelitaja kama la ndugu zake, na mikarafuu aliyoachiwa ni yake, hata kama hawezi kuipanda. Kauli ya "sisi tutamtunzia" imekula mikarafuu mingi kisiwani humu. Aya ya 5 ya Suratun Nisaa, inayozungumzia wasioweza kusimamia mali, haikuishia kwenye kuizuia mali. Imeamrisha walishwe humo na wavikwe, na waambiwe maneno mazuri. Wanaojiweza nawaomba wafikirie wakfu. Mikarafuu michache iliyowekwa wakfu kwa matunzo ya ndugu kama huyu, ikaandikishwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kabla wazee hawajaondoka, ina faida kuliko ubishani wa siku ya tatu ya msiba, watu wamekaa matangani wanaulizana kwa sauti ya chini huyu atakwenda kwa nani, na mwenyewe yupo pale pale anasikia. Kumtunza ni fardhi kifaya: akisimama mmoja wengine wamesalimika, na tukikaa sote tumekosa sote. Mpaka leo aliyesimama ni mama.

Mama huyo jirani yangu amevuka miaka 70, na anapokea pensheni jamii, ile iliyoanzishwa mwaka 2016 kwa wazee. Ndiyo inayomlisha yeye na mwanawe, ambaye sasa ana miaka 41. Wiki iliyopita baada ya sala ya alasiri nilikwenda kwake na daftari la skuli, nikamwambia: "Bi mkubwa, nieleze kila kitu ambacho atakayebaki naye anapaswa kukijua." Alicheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akaanza kunisomea kama anayesoma kwa ghibu. Wali apewe mkavu, na mchuzi kwenye kibakuli chake, visigusane. Shati likiwa na lebo shingoni, ikatwe kabla hajalivaa. Asishikwe kwa ghafla, hata kwa kumpa mkono. Akiuzunguka mwembe usiku asifuatwe, atarudi. Mvua kubwa ikipiga bati, apewe lile shuka la buluu ajifunike, si jingine.

Tulikuwa ukurasa wa tatu magharibi ilipokaribia. Mwanawe mwenyewe alikuwa amekaa kizingitini, ametupa mgongo, na sikudhani kuwa anatusikiliza. Nikakumbuka kuwa tangu nifike sijamuuliza neno, nikamuuliza kama niliyoyaandika ni sahihi. Alichelewa kujibu, na kwa mara ya kwanza sikuyajaza mimi yale majibu yake. Nikangoja.

"La buluu limechanika," alisema.

Nikaliandika na hilo.