Kwenda Syunik ukiwa Yerevan

Wengi wetu tulioletwa Yerevan na masomo au kazi tunaijua Armenia ya mjini tu. Syunik, mkoa wa kusini kabisa ambao wenyeji bado huuita Zangezur, umebanwa milimani: Azerbaijan mashariki, Nakhchivan (kipande cha Azerbaijan kilichotengwa nayo) magharibi, na Iran kusini, ng'ambo ya mto Aras.

Panda marshrutka, yaani daladala lao, asubuhi na mapema. Hadi Goris ni kilomita kama 240. Beba pasipoti na dram taslimu. Desemba hadi Machi uliza kwanza kama theluji haijafunga njia.

Kati ya Goris na Kapan, makao makuu ya mkoa, ndipo mgeni hukosea. Barabara ya enzi za Wasovieti ilikuwa ikivuka mpaka wa Azerbaijan huku na huku, na wakati ule haikumsumbua mtu. Baada ya vita vya 2020 kati ya Armenia na Azerbaijan, vipande vyake vikaangukia Azerbaijan, na tangu mwishoni mwa 2021 magari ya Armenia hupita Tatev. Ramani ya zamani kwenye simu itakufikisha kwenye kizuizi cha barabarani.

Mzunguko huo una faida yake. Kanisa kuu la monasteri ya Tatev lilijengwa 895 hadi 906, na katika karne ya 14 palikuwa na chuo kikuu alikofundisha mwanatheolojia Grigor Tatevatsi. Kutoka Halidzor unavuka korongo kwa gari la kamba lenye urefu wa mita 5,752, lililofunguliwa 2010. Upepo ukizidi husimamishwa, kwa hiyo usiende siku yako ya mwisho.

Watu wa huku humtaja sana Davit Bek, aliyeongoza uasi miaka ya 1720, na Garegin Nzhdeh, aliyewakatalia Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, hadi Julai 1921. Waazabajani nao waliishi vijiji vya hapa hadi mgogoro wa mwishoni mwa miaka ya 1980 ulipowaondoa. Septemba 2023 ikawa zamu ya Waarmenia zaidi ya 100,000 wa Karabakh, eneo lililogombaniwa na nchi hizo mbili, walioingilia Goris na mizigo michache. Ukikaribishwa chai na mmoja wao, mwache aanze mwenyewe habari za kwao.

Meghri, mpakani na Iran, ni joto, tini na makomamanga. Reli ya kando ya Aras ilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Agosti 2025 yalitiwa saini Washington makubaliano ya kufungua njia hapo. Vituo vya walinzi wa mpaka usivipige picha kabisa.