Kumtafuta bibi mzaa babu katika makaburi ya Achill

Mavyaa wangu ni mzaliwa wa Achill, kisiwa cha kaunti ya Mayo, magharibi kabisa mwa Ireland. Amefika umri wa kupanga mazishi yake mwenyewe, na katika kupanga huko likamkera jambo moja: kaburi la babu yake analijua, la mama yake babu halijui mtu. Basi tukafunga safari, yeye, wifi yangu na mimi. Mume wangu alibaki na watoto. Nadhani nilichukuliwa kwa sababu niliwahi kufanya kazi ya masijala Tanga, na mwandiko mbaya haunitishi.

Tulianzia Dublin, kwenye makaratasi. Anayetafuta ukoo Ireland hupokewa kwanza na habari ya moto. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mlipuko uliikumba Ofisi ya Kumbukumbu kwenye majengo ya Four Courts, na sensa za 1821 hadi 1851 zikateketea karibu zote. Moto huo kila mtu atakusimulia. Kisichosimuliwa sana ni kwamba sensa za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe ilipokwisha kuchukua hesabu ilizotaka, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, karatasi ilipoadimika. Moto naweza kuusamehe. Aliyesaga mamilioni ya majina ili apate karatasi tupu, huyo hapana.

Zimebaki ya 1901 na ya 1911. Fomu zake husomwa bure kwenye intaneti, lakini mavyaa alitaka kukaa ndani ya jengo la Nyaraka za Taifa, mtaa wa Bishop, akisema haiwezekani mtu wake atafutiwe jikoni. Tukamkuta yule bibi upesi, kwa kuwa kitongoji chao tulikijua. Hilo ndilo la kwanza kulijua: Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vya mashamba machache tu, na bila jina la kitongoji unaweza kuzunguka mwaka mzima ukifuata mtu mwenye jina kama la mtu wako.

Fomu ya 1911 niliisoma kwa sauti. Mjane. Hajui kusoma. Lugha: Kiayalandi. Mahali pa sahihi pana alama ya msalaba, na pembeni mtu mwingine ameandika kwamba alama hiyo ni yake. Kwenye fomu ya nyumba, paa ni la majani, na nje kuna banda la ng'ombe. Halafu nikafika kwenye safu ya watoto: waliozaliwa hai 9, walio hai 4. Juu ya tarakimu zote mbili umepigwa mstari. Swali hilo la 1911 lilikuwa la wanawake wenye waume, si wajane, kwa hiyo kwa macho ya karani majibu yake yalikuwa makosa ya kujaza fomu. Lakini mstari ule ni mwembamba, na tisa na nne zinasomeka chini yake. Mavyaa aliniomba nirudie kusoma mahali hapo. Alikuwa akijua majina ya watatu tu.

Kisha umri. Mwaka 1901 aliandikwa ana miaka 54. Mwaka 1911 ana 74. Wifi alidhani nimesoma vibaya, akavuta kiti chake karibu na kioo cha kompyuta. Sikuwa nimesoma vibaya. Ni kwamba katikati ya sensa hizo mbili ilikuja pensheni ya wazee. Sheria ilipitishwa 1908, malipo yakaanza Januari 1909: hadi shilingi 5 kwa wiki kwa mtu wa miaka 70 na zaidi. Serikali nayo ilikuwa haijaanza kuandikisha vizazi vya watu wote hadi 1864, kwa hiyo mzee wa 1909 hakuwa na cheti, na vitabu vya ubatizo vya parokia nyingi za magharibi vilianza kwa kuchelewa. Wengine walitafutiwa majina yao katika sensa za 1841 na 1851, ambazo wakati huo zilikuwa hazijaungua, na baadhi ya fomu za utafutaji huo bado zipo. Wengine waliulizwa kama wanaukumbuka Upepo Mkubwa, dhoruba ya usiku wa tarehe 6 Januari 1839 iliyoezua mapaa ya nchi nzima. Inasemekana waliokumbuka walikuwa wengi ajabu. Mimi nilicheka, kwa sababu nyanya yangu wa Pangani naye alizaliwa mwaka wa nzige, na mwaka wa nzige ulikuwa ukisogea kulingana na nani anauliza.

Kuhusu ardhi yao nitapita haraka, ingawa ilitula muda mrefu. Orodha ya Griffith, tathmini ya kodi iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864, ina jina la baba mkwe wa bibi huyo, limefungwa kwa mabano pamoja na majina ya majirani, maana shamba walilishika kwa ushirika. Baada ya hapo kuna vitabu vya marekebisho, ambavyo napendekeza kwa yeyote mwenye asili ya huko. Mpangaji akifa au akihama, karani alikata jina lake na kuandika la mrithi kwa wino wa rangi nyingine, na mwaka pembeni. Unauona ukoo unapokezana shamba: mume amekatwa, bibi ameingia; bibi amekatwa, mwanawe ameingia. Mwaka huo wa pili ulitupeleka kwenye rejesta ya vifo. Chanzo cha kifo ni uzee, hakuna daktari aliyethibitisha.

Lakini hapo ndipo karatasi zinapokuacha. Rejesta ya vifo ya Ireland haisemi mtu kazikwa wapi, na parokia za Kikatoliki za mashambani kwa kawaida hazikuweka vitabu vya maziko. Kilichobaki ni kwenda kutazama ardhini.

Treni ya Westport huondoka stesheni ya Heuston, huvuka mto Shannon pale Athlone, kisha mashamba yanazidi kuwa madogo na kuta za mawe zinaongezeka. Westport wifi alikodi gari. Zamani ungeweza kuendelea na reli hadi mlango wa bahari wa Achill. Ilifungwa 1937, na njia yake sasa ni ya baiskeli. Mavyaa hakuiangalia. Reli ile ina habari yake, na tuliikuta makaburini.

Makaburi ya Kildavnet yako ukingoni mwa maji, karibu na mnara wa karne ya 15 ambao watu huuhusisha na Grace O'Malley, mwanamke aliyetawala bahari hiyo. Kuna ukumbusho wa vijana 32 waliozama Clew Bay tarehe 14 Juni 1894. Walikuwa wakienda Scotland kuvuna viazi, wakakimbilia upande mmoja wa mashua ili waione meli iliyowasubiri, mashua ikapinduka. Treni ya kwanza kufika Achill, hata kabla reli haijafunguliwa rasmi, ilileta maiti zao. Kuna pia vijana 10 walioungua Kirkintilloch, Scotland, Septemba 1937, wakiwa wamelala kwenye banda la wavuna viazi. Hao waliletwa na reli siku zake za mwisho. Watu wa huko husema yote hayo yalitabiriwa. Sina la kusema kuhusu utabiri, ila nimeona jinsi viazi vilivyowaandama watu hawa. Miaka ya 1845 hadi 1852 viliozea ardhini na karibu watu milioni moja wakafa. Wajukuu wa waliopona wakafa wakienda kuvivuna kwa watu.

Wifi alikuta jina la ukoo wao kwenye ukumbusho wa 1894, akaanza kuhesabu vidoleni: huenda ni mmoja wa wale watoto watano wa bibi waliokufa. Mama yake akamkatiza. Achill nzima ina majina machache ya ukoo, alisema, na hatachukua maiti ya mwenzake kwa sababu ya jina.

Tukaanza kusoma mawe. Sivyo nilivyodhani. Brashi ya chuma hairuhusiwi, wala dawa. Maji, brashi laini na uvumilivu. Magamba ya kijivu na ya njano yanayoota juu ya jiwe usiyabandue, yatatoka na herufi. Mwanga wa kutoka ubavuni ndio unaosoma: wifi alishika tochi karibu kabisa na jiwe, na tarakimu ambayo sikuiona ikatokeza kivuli. Nilichojifunza kwa tochi hiyo ni kwamba jiwe lenye maandishi ni jiwe la mwenye pesa, na pesa hapo zilitoka ng'ambo. Watu wengi wa Achill walihamia Cleveland, Ohio. Aliyekuwa na mtoto Cleveland aliweza kupata jiwe. Asiye naye alipata jiwe la shambani, lisilochongwa, la ukubwa wa mkate. Ya namna hiyo ni mengi kuliko yenye majina. Na watoto waliokufa kabla ya ubatizo hata hapo hawakuruhusiwa. Walizikwa kando, kwenye viwanja vyao vidogo ambavyo wenyeji huvijua. Kuhusu hao mavyaa aliongea na wifi kwa sauti ya chini, nami nikaenda kuteka maji.

Aliyetusaidia alikuwa mzee aliyekuja kufyeka nyasi kwenye kaburi la mkewe. Alimwuliza mavyaa swali ambalo ningeulizwa kwetu: wewe ni wa nani? Mavyaa akataja jina la ukoo. Mzee akangoja. Ndipo akataja kwa mtindo wa kisiwani, la baba, la babu, la baba wa babu, kama pwani yetu tunavyotaja, na mzee akatikisa kichwa akatupeleka moja kwa moja kwenye ukuta wa upande wa bahari. Mawe mawili yasiyochongwa. Huko, alisema, walilazwa wote wa nyumba ile kabla ya babu yako kupata uwezo. Yupi ni yupi, hilo baba yake hakumwambia.

Mavyaa alisali, kisha papo hapo akaanza habari ya jiwe jipya. Wifi alitaka kwanza waulize parokia na halmashauri, na pia gharama zigawanywe na binamu walioko Marekani. Walibishana hadi kwenye gari. Nikauliza mwaka gani wa kuzaliwa utachongwa, wa sensa ya kwanza au wa pili, maana kila fomu ina bibi wake. Wifi akasema wa 1901, ndio wa kweli.

"Chongeni wa pensheni," akasema mavyaa akifunga mkanda. "Ule ndio uliomlipa."