Asubuhi Baada ya Sikukuu

Kwa mtu anayepona tatizo la ulaji, siku ngumu si sikukuu yenyewe bali ile inayoifuata. Mezani kuna watu na mazungumzo. Ni kesho yake, nyumba ikiwa kimya, ndipo hesabu huanza kichwani. Miaka miwili iliyopita niliamka nikiwa nimekwisha kuamua, kabla hata ya kutoka kitandani, kwamba sitagusa chakula hadi jioni ili kufidia nilichokula jana. Nilikuita kujinyima huko kujirekebisha. Usiku ulipoingia nilikula kwa pupa, peke yangu, nikiwa nimesimama jikoni, na ile hatia ikarudi maradufu, ikinidai nijinyime tena.

Mtaalamu wa lishe aliyekuwa akinihudumia hakunikaripia. Alinieleza kwamba mwili ulionyimwa chakula hulidai deni lake, akanisimulia jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, la mwaka 1944 hadi 1945, ambamo wanaume 36 wenye afya njema walipunguziwa chakula kwa takribani miezi sita: fikra zao zikatawaliwa na chakula, na baadhi yao wakaendelea kula kupita kiasi hata baada ya kurudishiwa mlo wa kutosha. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeiita njaa yangu ulafi.

Kwa hiyo sikukuu iliyofuata sikujiandaa kwa ajili ya karamu, nilijiandaa kwa ajili ya asubuhi yake. Nilimwomba dada yangu aje tule pamoja kifungua kinywa, na mizani nikamkabidhi aondoke nayo, kwa sababu uzito unaopanda ghafla baada ya mlo mkubwa kwa sehemu kubwa ni maji ambayo mwili huyahifadhi pamoja na chumvi na wanga, na mimi, nikiri, sijawahi kuisoma namba ile kwa akili timamu.

Hatia ilikuja hata hivyo. Sikubishana nayo, nilimwambia dada, “Ipo,” naye akajibu, “Basi ikae, sisi tule.” Nilimaliza sahani polepole, mikono ikitetemeka kidogo. Saa nne nilikula kitafunio kama ratiba yangu ilivyoelekeza, na mchana nikala tena, ingawa sikuwa na hamu.