Mtoto kama kipimo: uzoefu wangu wa kupiga picha kandokando ya machimbo na mikoko ya Tanga

Ukimweka mtoto ndani ya picha moja na shimo la machimbo, bomba la moshi na msururu wa malori, mtazamaji atamtazama mtoto na hayo mengine atayapita. Sura ya mtu ina nguvu kuliko mandhari yoyote, na sura ya mtoto ina nguvu maradufu. Hili ndilo lililonisumbua tangu mwaka 2017, nilipoanza kuwapiga picha watoto wanaokulia karibu na machimbo, mashamba ya mkonge na pwani ya Tanga, nikikusudia kuonyesha jinsi mazingira ya mkoa huu yanavyobadilika. Picha za huruma sikuzitaka. Mtoto mwenye vumbi usoni huleta machozi upesi, ila machozi hayo hayamwelezi mtu kilima kimekwenda wapi wala kimeondoka kwa kasi gani. Nilitaka mtoto awe kipimo: kimo chake kipime kina cha shimo, na kukua kwake kupime miaka.

Wazo la kimo lina wazee wake. Mmarekani Lewis Hine, ambaye kuanzia mwaka 1908 alizunguka viwandani na migodini kwa niaba ya National Child Labor Committee, kamati iliyopinga ajira ya watoto, husimuliwa kuwa alikadiria urefu wa watoto kwa vifungo vya nguo yake, kisha akawapiga picha wakiwa kando ya mashine za kusokota nyuzi ili mashine ile ioneshe udogo wao. Mimi niliigeuza kazi hiyo. Watoto ninaowapiga picha hawajaajiriwa popote. Wanapita, wanacheza, wanakwenda shule na chuoni, na ni wao wanaoonesha ukubwa wa kilichojengwa au kilichochimbwa nyuma yao.

Uamuzi wa kwanza ulihusu lenzi. Lenzi ndefu humvuta mtoto karibu na bomba la moshi lililo umbali wa kilomita nzima, na picha ikasema kwamba anacheza chini ya moshi, jambo ambalo si kweli. Wapiga picha wengi wa habari hupenda ujanja huo kwa sababu huijaza picha haraka. Mimi niliamua kutumia lenzi moja tu ya milimita 35, ambayo huonesha umbali karibu na vile mtu angeuona akiwa amesimama pale, na kulifunga tundu lake hadi f/11, yaani kulifanya dogo, ili mtoto na kilima cha nyuma vyote vionekane bayana. Kamera huishusha hadi usawa wa kifua cha mtoto, kwa sababu ukimpiga picha kutoka juu unamzamisha ardhini, na upeo wa macho unapotea. Kisha humwacha achukue sehemu ndogo tu ya fremu. Picha nyingi ninazozithamini leo, mtoto ndani yake hazidi moja ya sita ya urefu wa picha.

Kuhusu pozi, kila anayejua watoto wetu anafahamu kinachotokea kamera ikitolewa mkobani: vidole viwili juu, mashavu yamejazwa, mdogo wao amesukumwa mbele. Niliwapiga hizo picha pia, nikawachapishia na kuwapa, kwa kuwa ni zao na wana haki nazo. Baada ya hapo niliketi. Kamera ikikaa shingoni muda mrefu bila kufanya kitu huwachosha, nao hurudi kwenye chandimu yao au rede yao, na hapo ndipo kazi yangu huanza.

Upande wa Pongwe, kwenye machimbo, ndiko nilikojifunza kwamba majira yanaweza kusema uongo kuliko mpiga picha. Ukanda ule una mawe ya chokaa, mawe yaleyale yaliyomomonyolewa na maji yakafanya mapango ya Amboni, na ndiyo malighafi ya saruji. Saruji hupatikana kwa kuyachoma mawe hayo pamoja na udongo kwa joto la takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi, na katika kuchomeka huko jiwe lenyewe hutoa hewa ya ukaa, kiasi kinachozidi kile kinachotoka kwenye makaa au mafuta ya kuliunguzia. Hewa hiyo haina rangi na kamera haiioni. Kinachoonekana ni shimo, barabara na vumbi. Na vumbi hilo, sehemu kubwa yake hutimuliwa na magurudumu ya malori kwenye barabara isiyo na lami, wala halitoki kwenye bomba lolote. Nimekuwa mkali sana juu ya jambo hili katika maelezo ninayoyaandika chini ya picha, kwa sababu mtu akiona weupe juu ya majani ya mkorosho na mtoto aliyebeba ndoo, atajisimulia hadithi yake mwenyewe kabla hajasoma neno moja.

Wakati wa masika, barabara hiyohiyo ni matope mekundu, majani yameoshwa na watoto wanang'aa. Ukilinganisha picha ya Februari, kaskazi ikivuma na nchi ikiwa kavu, na picha ya Mei ya mwaka unaofuata, utathibitisha chochote unachotaka kuthibitisha. Kwa hiyo nililinganisha mwezi na mwezi wake: Februari kwa Februari, Agosti kwa Agosti, na ikiwa mvua zimewahi au zimechelewa, niliandika. Niliandika pia upepo unatoka wapi, kwani kusi hulipeleka vumbi upande mmoja wa barabara na kaskazi hulirudisha upande wa pili, na nyumba zinazolalamika hubadilika kufuata majira.

Mkonge ulinipa taabu ya namna nyingine. Ukipita barabara ya Muheza ukaona mistari ya mkonge inayokwenda hadi mlimani, na watoto wawili wenye sare za shule wakikatiza katikati yake, macho yako yatakwambia hapa ni shamba tu, nchi ya kale, tulivu. Kumbe mkonge ni mgeni. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo, misitu ilifyekwa, reli ikajengwa, manamba wakaletwa kutoka mikoa ya mbali, na mwaka 1964 nchi ikazalisha tani zipatazo 230,000 za nyuzi. Hii nayo ni mandhari ya kiwanda, ila kiwanda chenyewe kimeota majani. Na katika jani la mkonge, nyuzi ni kama asilimia nne ya uzito. Kinachobaki ni maji na makapi, ambayo kwa miongo mingi yalitiririshwa kutoka kwenye korona, yaani mitambo ya kukamua nyuzi, hadi kwenye vijito. Kule Hale ulijengwa mtambo wa kuyageuza makapi hayo kuwa gesi na umeme, ukazinduliwa mwaka 2008, nami huutaja kila ninapoonesha picha hizi, watu wasidhani kwamba uchafu ule hauna la kufanywa.

Kuionesha historia hiyo kwa picha moja haikuwezekana, na sikulazimisha. Nilichofanya ni kupiga picha mbili kutoka sehemu ileile: moja mtoto akiwa katikati ya mistari ya mkonge, nyingine nikiwa nimegeuka upande wa pili, mtoto yuleyule akiwa mbele ya lundo la makapi linalofuka mvuke asubuhi. Zikitundikwa pamoja husomeka. Zikitenganishwa, ya kwanza huwa kadi ya watalii.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ni Chongoleani, rasi iliyo kaskazini mwa jiji. Agosti 2017 liliwekwa pale jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima nchini Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo hupashwa joto njia nzima kwa kuwa mafuta ya huko ni mazito kama nta na yakipoa huganda. Niliijua rasi ile ikiwa na nyavu, ngalawa na mikoko. Nikachagua mahali pa kusimama ambapo mbuyu mmoja unakingana na pembe ya paa la msikiti, nikapima urefu wa stendi ya kamera, nikaandika yote katika daftari, ili mtu mwingine akitaka kusimama palepale aweze. Alama ya tatu ilikuwa ukingo wa mikoko, ambao nao ukahama, na sasa huupima katika kila picha.

Na hapa pana jambo linalohitaji uangalifu. Visiki vilivyomo katika picha zangu za mwanzo ni vya zamani kuliko mradi wa mafuta. Mikoko na mikandaa ya pwani hii imekatwa kwa ajili ya boriti, kwa ajili ya kuchomea chokaa na kupisha mashamba ya chumvi, tangu enzi za mababu. Mtu anayetaka picha yake ilaumu kitu kimoja ataviita visiki vyote vya jana. Mimi niliwauliza wazee, nikaandika kila kisiki kilivyosimuliwa.

Mwanga wa Chongoleani una ukaidi wake. Siku za bamvua, maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na wakati huo ndipo watoto hutoka na mama zao kuchokoa pweza na kuokota chaza, jua likiwa tayari limepanda na kivuli kimekuwa kifupi. Mwanga mzuri wa alfajiri na wa jioni hukuta maji yamejaa na pwani imefunikwa. Siku za maji mafu, kupwa huangukia alasiri, lakini maji hayaendi mbali na uwanda hauonekani. Baada ya kuhangaika na ratiba hiyo niliukubali mwanga mkali. Nilipima mwanga kwa kufuata weupe wa mchanga, nikaziacha sura ziingie gizani chini ya kofia na mitandio. Hilo lilinifaa mara mbili: macho ya mtazamaji yalikwenda kwenye uwanda, kwenye visiki na kwenye mitambo iliyoinuka ng'ambo, na watoto wenyewe hawakutambulika kwa urahisi.

Ruhusa nilianza kuiomba kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa mzazi wa kila mtoto, kisha kwa mtoto mwenyewe. Bandarini na ndani ya uzio wa viwanda sikuingia bila kibali cha maandishi. Mahali nilipokataliwa nilisimama nje, barabarani, na mara nyingi picha ya nje ilikuwa bora, kwa kuwa nje ndiko watoto waliko. Bibi mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, ukishamtia mjukuu wangu kwenye hilo shimo lako, watu wa mbali watajua kuwa ana kwao, anakula na anasoma?" Nikamjibu, "Bibi, wasipojua kazi yangu haina maana." Akaniambia, "Basi mpige na akienda shule." Nimefanya hivyo kwa kila mtoto tangu siku ile. Hakuna mtoto anayeonekana kwenye maonyesho yangu akiwa shimoni tu.

Swali lake lina mfano mzito huko Japani. Mwaka 1971 W. Eugene Smith alimpiga picha Tomoko Kamimura akiogeshwa na mama yake huko Minamata, msichana aliyedhurika angali tumboni kwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda cha kemikali. Picha hiyo iliufumbua macho ulimwengu. Tomoko alifariki mwaka 1977, na mwishoni mwa miaka ya 1990 wazazi wake walitaka apumzishwe, naye Aileen M. Smith, aliyemiliki haki za picha, akakubali isichapishwe tena kama zamani. Nilipoyasoma hayo niliongeza sharti katika karatasi yangu ya ridhaa: mzazi anaweza kuiondoa picha wakati wowote bila kutoa sababu.

Sheria zetu ziko upande huo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo majina siandiki, shule siitaji, na kabla ya kutuma faili popote hufuta alama ya mahali ambayo kamera na simu huibandika kimyakimya.

Ridhaa ya mzazi, kwa hesabu yangu, hukoma mtoto anapotimiza miaka 18. Wakubwa wao wamefika umri huo, nami huwarudia mmoja mmoja na bahasha ya picha zao zote, tunazipanga mezani kuanzia ya zamani, na kila mmoja hugawa mwenyewe zinazobaki na zinazotoka. Kijana mmoja alitoa mbili za chandimu kwa sababu alikuwa kifua wazi. Akabakiza ile ya kwenye uwanda, na akaniomba nakala yake kubwa, kwa ajili ya ule mchu, aina ya mkoko, uliokuwa nyuma yake, ambao baba yake alikuwa akiufungia ngalawa.