Novemba 10, 2024, Soldier Field
Jamani, siku ile nilikuwa uwanjani Chicago na shemeji yangu, upepo wa ziwani unatupiga usoni. Bears, timu ya Chicago ya futiboli ya Kimarekani, walifungwa 19-3 na Patriots. Caleb Williams, yule kijana mrusha mpira wa Bears, aliangushwa mara 9 kabla hajaurusha! Kila akiinuka na vipande vya nyasi kwenye jezi, moyo uliniuma kama ni mwanangu. Mechi ya pili mfululizo Bears bila tachidauni hata moja, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani.

Siku mbili baadaye kocha wa mashambulizi, Shane Waldron, akaachishwa kazi, na nafasi yake akapewa Thomas Brown. Nasi tukabaki kuuliza: nani atampa huyu kijana muda wa kutazama mbele?

Januari 2025 Bears wakamleta Ben Johnson, fundi wa mashambulizi wa timu ya Detroit, awe kocha mkuu. Nilimpigia shemeji papo hapo. Alipiga vigelegele!