Kilwa Kisiwani, Pale Kaskazi Inapokomea

Baada ya kupata kibali katika ofisi ya mambo ya kale, tulivuka kutoka Kilwa Masoko, pwani ya kusini mwa Tanzania, hadi kisiwa hiki cha magofu kwa mashua ya tanga, na njiani nilimuuliza nahodha swali lililonileta huku: kwa nini mji uliotajirika kuliko yote ya pwani katika karne ya 14 uwe kusini namna hii, mbali na Arabuni na Bara Hindi? Alinijibu bila kusita: “Mwanangu, kaskazi inakufikisha hapa. Ukitaka kuendelea mbele, kusi itakukuta hujafika uendako.”

Jibu hilo lina historia nzima ndani yake. Vyombo vya Ghuba na Bara Hindi vilishuka na kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, vikarejea na kusi, upepo wa kusini ulioanza kuvuma mnamo Aprili, na Kilwa ilikuwa karibu na ukomo wa safari ya msimu mmoja. Dhahabu iliyotoka nyanda za Zimbabwe ilipakiwa Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, mbali zaidi kusini. Watu wa Kilwa ndio walioishika njia hiyo, kisha wakawangoja wageni bandarini kwao, waliokuja na nguo, ushanga na vyombo vya kauri vya China.

Msikiti Mkuu, pamoja na uzuri wa nguzo na kuba zake, sikuukalia sana, kwa kuwa nilitamani kufika Husuni Kubwa, jumba alilolijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman juu ya jabali, upande wa mashariki. Jumba hilo lina vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane, lakini kilichonishika ni ua wa kusini, uliozungukwa na vyumba vinavyodhaniwa kuwa vya bidhaa. Naamini sultani alitaka kulala karibu na mali yake! Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita hapa mwaka 1331, aliusifu mji huu na ukarimu wa mtawala huyo huyo, na sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyo imepatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, barani kabisa.

Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji na kujenga ngome. Walipoondoka mwaka 1512, biashara waliyoifuata ilikuwa imeshawaponyoka, kwani wafanyabiashara walikuwa wakipitia bandari nyingine.