Betri ya moyo na mashimo ya barabarani

Kabla sijawekewa betri ya moyo, yaani kile kifaa kidogo cha kuuchochea moyo kwa umeme (pacemaker), nilikuwa nafagia nusu ya uwanja, nakaa, namalizia nusu nyingine. Mapigo yalikuwa 36 kwa dakika. Daktari alinieleza kwamba umeme wa moyo unakatika njiani, haufiki vyumba vya chini, na hakuna kidonge cha kuunganisha. Operesheni yenyewe haina hadithi ndefu: ganzi, mchano mdogo kifuani, chini ya mfupa wa mtulinga wa kushoto, waya mbili zikapitishwa kwenye mshipa hadi moyoni. Shughuli ilianza niliporudi nyumbani.

Usiku wa kwanza sikulala. Moyo uliozoea kujikokota sasa unagonga mfululizo, nausikia masikioni, kwenye mto, hadi kwenye meno. Nilikaa kitandani nikiushika kifundo cha mkono na kuhesabu: 60. Nikahesabu tena: 60. Ilinichukua kama wiki tatu kuacha kuusikiliza.

Wiki ya pili likazuka jingine. Nikilalia ubavu wa kushoto kitu kinadunda chini ya mbavu, kama kwikwi isiyofika mdomoni. Nikigeuka, kimya. Binti yangu akasema, "Mama, hiyo gesi." Nikaacha maharage siku tatu. Wapi!

Na bajaji je? Nimekaa zangu nyuma, sijainua hata kikapu, lakini tukiingia ile barabara yetu ya mashimo moyo unakimbia kama napanda ngazi. Nikishuka, unatulia. Nilijiona mwoga, nikaona aibu kumwambia mtu.

Kilichonisaidia ni daftari la hesabu la mjukuu wangu. Kila kilipotokea kitu niliandika saa, nilikuwa nimelalaje au nafanya nini, na mapigo mangapi. Siku ya kliniki nikamkabidhi fundi wa vipimo, kijana mdogo tu, akasoma yote bila kunikatiza. Kisha akaniwekea kifaa juu ya betri, kama kipanya cha kompyuta, akanionya: "Mama, sasa nitaukimbiza moyo kidogo, usiogope." Ukapaa kweli, halafu ukarudi.

Kumbe umeme wa waya mmoja ulikuwa unaufikia hata mshipa wa fahamu unaoendesha msuli wa kupumulia. Akapunguza volti, kwikwi ikaisha palepale. Ila alinisisitiza: ikirudi, tena ikija na kizunguzungu, nisingoje siku ya kliniki, huenda waya umesogea.

Habari ya bajaji ilimchekesha. Betri yangu ina kihisi cha mtikisiko. Nikitembea inajua mwili unataka damu zaidi, inaongeza mapigo. Kwenye mashimo ilidhani nakimbia! Akaipunguzia wepesi wa kuhisi.

Mengine nilijifunza mwenyewe. Kamba ya sidiria ilikuwa inasugua mshono, nikawa natia kitambaa laini kilichokunjwa. Simu, ambayo miaka yote makazi yake yalikuwa humo humo kifuani upande wa kushoto, ikahamia kwenye mkoba. Wanataka ikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye betri, na naongea kwa sikio la kulia. Kosa langu kubwa lilikuwa mkono. Nilikatazwa kuuinua juu ya bega wiki 6, mimi nikaufunga kabisa kwa kanga nisiuguse, bega likakakamaa. Kumbe nilitakiwa niendelee kuutumia chini ya bega, kupeta mchele, kuosha vyombo. Kulilainisha kulinitesa kuliko operesheni.

Jirani aliniuliza betri naichajia wapi. Nikamwambia haichajiwi, ikikaribia kuisha baada ya miaka kadhaa wanabadilisha. Hakuamini, nadhani bado anavizia waya.

Bajaji napanda mpaka leo. Kwenye mashimo mapigo bado yanapanda kidogo, kisha yanashuka, nami naendelea na mazungumzo. Dereva wangu keshazoea, akiona shimo mbele anageuka nusu: "Mama, shika betri!"